Nyumba Inayokunywa Mvua

Mtu akiweka ukuta nyuma ya mlango wake, ana wake ndani. Ndivyo nilivyolelewa Malindi, Unguja, na ndivyo nilivyowatangazia watu wa mtaa wetu hapa Tooting, London, mwaka 1981, siku Bwana Cheng, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipoleta mbao na kusimamisha kiambaza hatua mbili tu kutoka kizingiti cha mbele.

Nilikiona kwa macho yangu mawili, na miwani juu. Nyumba za barabara yetu zote ni pacha: ukifungua mlango unaona ngazi, zulia, na makoti yaliyotundikwa. Kwa Bwana Cheng ukifungua mlango unakutana na mbao nyeusi zinazong'aa, kutoka chini mpaka karibu na dari, na anayetaka kuingia hana budi apite ubavuni. Kwetu ni hivyo hivyo. Unafungua mlango mkubwa, unakuta daka, kile chumba kidogo cha mlangoni, unapinda, ndipo unauona ua. Tunapinda ili mpita njia asiwaone wanawake. Sasa mwanamume wa miaka arubaini na sita, Mchina, fundi saa, anayeishi peke yake na kuanika mashuka yake mwenyewe kila Jumapili, pindo la mlango la nini?

"Anao wawili," nilimwambia Priscilla, muuguzi wa Kenya aliyekuwa amepanga chumba changu cha juu. "Mmoja hahitaji ubao mrefu vile."

Priscilla alisema umbea utanipeleka motoni. Lakini siku ya tatu aliporudi kazini, kabla hata hajavua viatu, aliniuliza kama wameonekana.

Siku ya nne nikakaanga sambusa. Nikapanga sahani mbili, moja kwa kila mke, maana najua mke mwenza akipunjwa nyumba hailaliki. Nikaenda kupiga hodi.

Kiingereza cha Bwana Cheng kilikuwa kibovu na changu kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Alizitazama sahani, akashukuru, akauliza ya pili ni ya nani. Nikamwambia ni ya yule asiyeonekana. Akafikiri kidogo, akainamisha kichwa kwa heshima, akanipitisha upande wa kulia wa zile mbao, akaenda kuiweka sahani yangu mbele ya picha ya baba yake marehemu. Nikasimama pale kama mlingoti. Nimemlisha maiti kwa mkono wangu.

Wake hawakuwapo. Kulikuwa na kiti kipya chenye mto, na kitanda kilichotandikwa vizuri ambacho hakijalaliwa bado.

"Mama yangu anakuja," alisema.

Halafu akanieleza, na mie, ambaye skuli nilisimamishwa pembeni kwa domo mara nyingi kuliko nilivyokaa kwenye benchi, nilimsikiliza mpaka mwisho. Kwao ni Huizhou, huko milimani Uchina. Ardhi ya kulima haba, na mtoto wa kiume akifika miaka kumi na tatu hufungiwa mzigo akatumwa mijini kujifunza biashara. Mama yake alimfikisha kizingitini, akamwambia miaka mitatu si mingi. Mara vita, mara mipaka ikafungwa, naye akaishia Hong Kong, kisha London. Miaka mitatu ikawa thelathini na mitatu. Sasa njia zimefunguka, na mama, mwenye miaka sabini na minane, amepata pasipoti na tiketi ya kuja na kurudi.

"Na kurudi?" niliuliza.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Barua yake, aliyoandikiwa na mwalimu wa kijiji, ilisema atakuja kumwona mwanawe, lakini hatafia katika nyumba isiyo na mbingu. Atakaa miezi mitatu, kisha atarudi kwenye nyumba yake, ambayo siku hizi hamna mtu ndani. Bwana Cheng alikuwa na miezi hiyo mitatu ya kumfanya mama yake abaki.

Akanionyesha nyumba yenyewe. Ilikuwa picha moja, ndogo, kingo zimeliwa, lakini nyumba niliiona yote, maana aliimaliza kwa mikono akichora hewani.

Nje ni kuta nyeupe za chokaa, ndefu, zinapanda kupita mapaa, na juu zimekatwa vidato vidato kama ngazi, kila kidato kimevaa kofia ya vigae vyeusi. Wao wanaziita kuta za kichwa cha farasi, na kweli ukizitazama kwa mbali unaona farasi wamesimama shingo juu, mmoja nyuma ya mwenzake. Nikadhani ni pambo. Akasema hapana, ni kwa ajili ya moto: nyumba zimebanana, na moto ukishika moja, ukuta unauambia ukomee hapo. Nikakumbuka mtaa wa Ng'ambo, kule Unguja, wakati wa utoto wangu, makuti kwa makuti, cheche moja ya jiko la mtu mmoja na kabla ya alasiri mtaa mzima uko nje na magodoro. Laiti tungekuwa na farasi wale.

Madirisha yalikuwa machache na madogo, juu kabisa, kama macho ya mtu anayesinzia. Waume walikuwa wakisafiri miaka na miaka kwa biashara, na wake zao wakibaki nyuma ya kuta zile.

"Basi nilisema kweli kuhusu wake," nikamwambia.

"Umechelewa miaka mia tu," akajibu bila kucheka. Nikampenda kuanzia hapo.

Zile mbao nyeusi nazo zina sheria. Zimeungwa na bawaba, na hufunguliwa katikati kwa harusi, kwa maziko, na kwa mgeni mkubwa. Siku nyingine watu wanapita ubavuni, na hata kitu kibaya kikija kutoka njiani kinagonga mbao kikarudi, kwa kuwa vitu vibaya huenda moja kwa moja, havijui kupinda. Nikamwambia vya kwetu vinazijua kona zote, na vingine vina funguo.

Lakini moyo wa nyumba ulikuwa katikati. Mapaa manne, kila upande moja, yote yameinamia ndani kama watu wanne walioinamia sinia moja. Kati yao pako wazi, upana wa mikeka miwili. Hapo ndipo jua linapoingia, na upepo, na theluji, na mvua. Chini kuna birika la mawe la kukingia mvua, na maji ya pande zote nne yanarudi nyumbani, ukumbini, mbele ya wenyewe. Mvua ni neema, alisema, na mwenye akili haimwagi neema yake barabarani. Mama yake alimzaa katika chumba kinachotazama pale. Hana saa, anajua wakati kwa mahali mwanga ulipofika ukutani.

Mie nimekulia nyumba yenye ua katikati na kisima chake. Miaka yote niliyokuwa London nilikuwa nikijiuliza nyumba hizi zinanikaba na nini, nikalaumu baridi, nikalaumu mazulia. Ikabidi Mchina aniambie kuwa hazina mbingu.

Yeye alikuwa na shauri. Nyumba zetu zina uchochoro ubavuni mwa jiko, na mwenyewe wa zamani alikuwa ameufunika wake kwa mabati ya plastiki. Bwana Cheng alitaka plastiki iondoke, pajengwe vipaa vinne vya vigae vyeusi vilivyoinamia ndani, tundu liachwe kati, na chini birika. Alikuwa hana fundi tu. Fundi nilikuwa naye mie.

Kanti alizaliwa Mkunazini, kule kule Unguja, baba yake mwashi na babu yake mwashi. Alikuja London baada ya Mapinduzi kama mie, na tangu hapo kazi yake ilikuwa moja: mvua isiingie. Kuanzia Tooting mpaka Rayners Lane, paa likivuja aliitwa Kanti. Alikuwa akitembea njiani huku akitazama juu, na sanduku la posta la kona yetu lilishamgonga mara mbili. Ndivyo alivyosema, kwamba lilimgonga.

Alipomaliza kumsikiliza Bwana Cheng alikuja jikoni kwangu, akavua kofia, akakaa kama mtu aliyepata taarifa ya msiba.

"Bi Zuwena," alisema, "mtu yule anataka nimvujishie nyumba."

Akaeleza kwa urefu. Baba yake akifufuka akaona, atakufa tena. Watu wakisikia Kanti amejenga paa la kuingiza mvua, nani atamwita? Nilikuwa nasukuma chapati, na nikafanya lile ninalolijua tangu utoto, nalo ni mzaha. Nikamwambia ajenge kama mwenyewe anavyotaka, jicho lisione kasoro, lakini maji ayaelekeze upande wangu, mchicha wangu una kiu. Wallahi nilicheka nikisema. Kanti hakucheka. Alimaliza chai, akavaa kofia, akaenda. Nilidhani mzaha umemchukiza, kumbe nimempa ruhusa.

Akajenga, na ikapendeza. Vigae vyeusi vilikaa kama magamba ya samaki, tundu likawa mraba safi, na birika la mawe likawekwa chini yake. Bwana Cheng alikuwa akitoka dukani anapita kwanza uchochoroni kutazama juu, kabla hajavua koti.

Mama alifika mwezi wa Juni. Mdogo, suruali ya buluu iliyokolea, nywele zimefungwa nyuma, na mkononi furushi la kitambaa cha buluu lililofungwa mafundo manne. Mwanawe alikuwa amezifungua zile mbao katikati, kwa maana mgeni mkubwa kuliko huyu atatoka wapi? Mama akasimama mlangoni, akasema neno moja, na Bwana Cheng akazifunga tena. Baadaye aliniambia neno lile: "Kwani mimi mgeni?" Akainua mguu juu akakivuka kizingiti bila kukigusa, kama tulivyofunzwa na sisi, akapita ubavuni, mkono wake ukizipapasa mbao. Nikaona uso wa mwanawe unavyochanua.

Alipofika chini ya tundu alitazama juu muda mrefu. Halafu akasema kwamba watangoja mvua. Furushi akaliweka chini ya kiti, na mafundo yake manne.

Nyie mnaoijua London hamtaniamini. Haikunyesha siku kumi na tisa. Mji huu umeniharibia kila nguo niliyoanika, lakini siku unayotaka tone moja, hupati. Mie niliomba kwa dini yangu, Priscilla kwa yake, na Bwana Cheng akawa anasikiliza utabiri wa hali ya hewa kama watu wanavyosikiliza matokeo ya kura.

Siku hizo kumi na tisa mie na Bi Mkubwa yule tulizikaa pamoja, hatuna lugha, tuna viti. Alinivuta mkono wa nguo kunionyesha kipande cha mwanga kinavyopanda ukutani. Kikifika kwenye msumari wa pili, chai. Kikifika chini ya bomba, mwanawe yuko njiani. Siku ya tano nilikuwa sitazami tena saa. Lakini furushi lilibaki limefungwa. Bwana Cheng aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hata taulo anatumia ya dukani, yake hajaitoa.

Mvua ilikuja alasiri ya Jumanne. Bwana Cheng alifunga duka akaja mbio, tukaweka viti vitatu kulizunguka birika, chai mkononi. Vigae vilianza kulia kidogo kidogo, kisha vyote pamoja, sauti tamu ambayo plastiki haiijui mpaka kiama. Tundu likapitisha manyunyu, yakalilowesha birika usoni. Tukangoja maji ya mapaa. Tukangoja. Pembeni mwa tundu haukushuka hata uzi mmoja. Na upande wa pili wa ukuta, upande wangu, tukasikia maji yanamiminika, mazito, puu, puu, puu, kwenye kitalu cha mchicha.

Bi Mkubwa aliinamisha kichwa akasikiliza. Akasema maneno machache. Mwanawe hakuyatafsiri mpaka nilipomuuliza.

"Anasema nyumba hii inamlisha jirani."

Akainuka, akalitoa furushi chini ya kiti, akaenda kuliweka karibu na mlango wa mbele, ubavuni mwa zile mbao. Akamwomba mwanawe aulize kama tiketi inaweza kusogezwa mbele, arudi mapema. Bwana Cheng alisema ataulizia. Hakulia. Alitoa leso yake akaanza kulifuta birika, nalo lilikuwa karibu kavu.

Chai niliiacha pale pale. Nilirudi nyumbani, nikaukuta mchicha wangu umesimama mnene kama mwari, na juu yake, chini ya ukingo wa ukuta, bomba jipya la Kanti limejificha vizuri kama chawa kwenye ushungi. Nimefanya mizaha mingi maishani mwangu. Huo ndio wa kwanza kunirudia ukiwa na maji.

Asubuhi nilimtia Kanti mkononi. Alijitetea kwamba mie ndiye niliyesema. Nikamwambia nilikuwa nacheka. Akasema yeye kicheko hakijui, anajua paa. Tukabishana hapo njiani mpaka akatoa la moyoni.

"Maji yakishaingia ndani, Bi Zuwena, yatakwenda wapi? Yatakula msingi. Nyumba itamwangukia mama wa watu. Mimi niitwe nani?"

Swali lilikuwa la kweli, na sote tulikuwa tumeinua vichwa kutazama tundu, hakuna aliyetazama chini.

Nikampeleka ndani. Kabla hajasema chochote, nilisimama mbele ya birika nikamwambia Bwana Cheng atafsiri yote, asinipunguzie. Nikasema mie ndiye niliyeiomba mvua yao ije kwangu, kwa mzaha, na huyu fundi akaniamini. Bi Mkubwa alinitazama moja kwa moja. Furushi lilikuwa pale pale mlangoni.

Bwana Cheng, shingo nyekundu, alileta ile picha na penseli, akachora mgongoni mwa karatasi ya mkate. Chini ya birika kuna mfereji wa mawe, umefunikwa, unapita chini ya ukumbi. Haunyooki. Unapinda, unapinda tena, ili neema isiondoke kwa haraka, na takataka zikibaki kwenye pindo zisizibe njia. Na ndani ya mfereji watu wa kwao hufuga kobe wa maji. Anakwenda, anarudi, anaufanya mfereji uwe wazi, miaka na miaka.

Kanti alivaa miwani. Aliishika picha karibu na pua, akaigeuzia mwangani, akafuata kila mstari wa paa kwa ncha ya kidole. Tulikaa tukimngoja kama tunamngoja daktari.

"Walijua," alisema mwishowe. Akavua kofia, nadhani hakujijua kama anaivua. "Sisi mvua tunaifukuza. Hawa wameikaribisha, wakaipa kiti, halafu wakaisindikiza."

Siku ile ile aling'oa bomba lake. Kwa siku tatu alichimba, akapanga mawe, akapindisha mfereji mara tatu chini ya sakafu ya jiko mpaka kwenye mtaro wa nyuma. Sehemu ya kati alitandaza chokaa kama baba yake alivyofanya madari, yale mapaa bapa ya Mji Mkongwe, na chokaa ile haikauki vizuri mpaka ipigwe kwa vijiti, polepole, watu wengi kwa pamoja, kwa wimbo. Watu wengi hatukuwa nao. Kanti akaanza kupiga, akivumisha wimbo wa wafanyakazi wa baba yake puani. Nikachukua mwiko wangu wa ugali nikapiga naye. Siku ya pili nikasikia pigo la tatu, jepesi, sawasawa na letu. Bi Mkubwa alikuwa amechuchumaa nyuma yetu na kijiti cha kuvurugia rangi, hatutazami, anaitazama chokaa.

Wiki ile mvua haikutufanyia kiburi. Jumamosi mchana ikanyesha. Kwanza vigae vikalia. Kisha pembe moja ikaachia uzi wa maji, na ya pili, na zote nne, mpaka tundu likavaa pazia la ushanga wa maji kuanzia juu mpaka chini. Mwanga ukapita katikati yake. Birika likajaa, maji yakazunguka, yakashuka polepole kwenye mfereji, bila papara, kama wageni wanaoaga mmoja mmoja. Kanti aliweka sikio sakafuni akasema yanapita, yanapita pindo la pili. Nimeona misikiti na majumba ya wafalme, lakini uzuri wa uchochoro ule wa Tooting siku ile sijauona tena.

Tukamgeukia Bi Mkubwa. Yeye halitazami birika. Ananitazama mie. Akasema jambo, na mwanawe akaona haya kulitafsiri.

"Anauliza, mboga zako zimekua?"

"Zimekua," nikasema.

"Zimekua kwa mvua ya nani?"

"Yenu."

"Basi zilete."

Nilitoka na mvua yake, nikaking'oa kitalu kizima, nikarudi na mchicha wa kukumbatia, kanga imenigandia mwilini. Bi Mkubwa akaunusa, akaukung'uta, akanisema vikali kwa kuwa nimeung'oa na mizizi. Lugha siijui, lakini kusemwa nakujua. Akachukua kisu cha Bwana Cheng, kisu cha mwanamume asiye na mke, butu hata siagi inakicheka. Akakijaribu kwenye kidole, akakirudisha mezani.

Akaenda mlangoni. Akaketi sakafuni karibu na zile mbao, akalivuta furushi mapajani, akafungua fundo la kwanza. La pili. Bwana Cheng alikuwa amesimama karibu nami, simsikii hata anavyopumua. La tatu, la nne. Ndani mlikuwa na taulo, bakuli mbili, na kisu kipana kama kiganja, mpini wake umelika kwa mkono mmoja miaka hamsini. Akakifuta kwa kitambaa kile kile cha furushi, akakitundika kitambaa kwenye msumari wa pili, ule wa chai, akaanza kukata.

Kanti hakukaa kula. Alikuwa anakwenda sokoni kutafuta kobe.

Jioni Priscilla aliporudi kazini alichungulia uani, akarudi akaniuliza mchicha wote umekwenda wapi.

"Umeolewa," nikamwambia. "Uko nyuma ya ule ubao."